Pikapu kwenye barabara za udongo: anza na upepo, si jani la springi

BUJUMBURA – Mutanga Sud ni mtaa wa mteremko, kando ya mto Ntahangwa ambao umekuwa ukimega kingo zake. Mvua zikikolea, njia za udongo huchimbika makorongo. Anayepeleka mayai au nyanya kwa pikapu huweza kupoteza faida yake kabla ya kufika kwenye geti la mteja.

Springi za nyuma za pikapu nyingi za kazi zimetengenezwa kubeba takriban tani moja. Gari likiwa na mzigo mdogo hazipindi vya kutosha, hivyo kila shimo hupanda moja kwa moja hadi kwenye trei za mayai. Hata hivyo, wengi hukimbilia kuongeza jani la springi. Jani husaidia gari lisilale likipakia, halilainishi chochote. Gari tupu litarukaruka zaidi.

Anza na upepo, kwa sababu haugharimu hata faranga. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kwa kawaida huonyesha kiasi cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Kosa la kawaida ni kujaza kiasi cha mzigo na kukiacha mwezi mzima. Pima matairi yakiwa baridi. Anayevuka mpaka aangalie pia kipimo kinasoma nini, maana bar 2 ni sawa na psi 29. Kwenye udongo, kama huna mzigo mzito, punguza upepo kidogo pamoja na mwendo, kisha jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi legevu likienda kasi hupata joto na huweza kupasuka.

Baada ya hapo kagua shokapu. Zikivuja mafuta, au ukikandamiza kona ya gari ikadunda zaidi ya mara mbili, zimechoka. Kwenye vijituta vilivyofuatana kwa kilomita nyingi hata shokapu nzima hupata moto, mafuta yake hutoa povu na nguvu hupungua, simama zipoe. Aidha, bushi za springi zilizokwisha hugonga, na kubadilisha springi hakutaziponya.

Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, upande wa kebini. Na fundi akifungua springi, mrudie baada ya siku chache akaze bolti za umbo la U. Zikilegea, bolti ya katikati hukatika na ekseli huhama.