Unga, Rumande na Dirisha la Dawa

Katika miaka ya 1980, heroini ilipoanza kupitishwa katika bandari za mwambao wetu ikiwa safarini kutoka Asia kwenda Ulaya, haikuchukua muda ila sehemu yake ikabaki hapahapa, ikauzwa kwa kete vichochoroni Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam; na kwa kuwa vijana wa mwanzo waliivuta tu, wazee wengi waliidhania kuwa uhuni wa ujana utakaopita, mpaka zikaingia sindano, na nyuma ya sindano virusi vya UKIMWI.

Serikali zilijibu kwa sheria, Kenya mwaka 1994 na Tanzania 1995. Teja aliyekamatwa na kete mfukoni akawa ni wa rumande, ambako arosto ya kukosa heroini humkuta sakafuni bila tabibu: kwanza miayo na makamasi, kisha jasho la baridi, tumbo la kuhara na mifupa kuuma kana kwamba yapondwa. Baada ya siku kadhaa mwili hutulia, lakini shauku haitulii. Naye akifunguliwa hurejea maskani kwake, na mwili uliokwisha kusahau kipimo cha zamani huweza kuuawa na kipimo hichohicho.

Rai ya tiba haikungoja mahakama. Malindi, Mradi wa Omari wa kuwatibu waraibu ulianza miaka ya 1990. Zanzibar, tangu 2009, waraibu waliopata nafuu wakafungua soba hausi, ambamo aliyeacha humlea anayeacha. Hatimaye, Februari 2011, hospitali ya Muhimbili ikaanza kutoa methadoni, dawa ya maji inywewayo dirishani kila siku mbele ya mhudumu, na mgonjwa huambiwa aseme neno kabla ya kuondoka ili ijulikane amemeza. Wapo wadaio kuwa huko ni kumtoa mtu katika ulevi mmoja na kumtia katika mwingine; hoja hiyo, kwa maoni yangu, haisimami mbele ya mtu aliyeacha kuiba na kurudi kazini.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ingali inawaadhibu wafanyabiashara wakubwa kwa kifungo cha maisha, wala sina huruma nao. Ila mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo ndiyo inayoshiriki pia kusimamia kliniki za methadoni, ambazo zimekwisha kufika Tanga, Mbeya na Mwanza, na ambako aghalabu kinachomkatisha mgonjwa dozi ni nauli ya daladala ya kila siku.