Majina ya Siku za Juma

Katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wataandika habari za makanisa na shule. Sisi tumechagua jambo dogo, kwa sababu ya kijana mmoja wa darasa la wakatekumeni huku Jangwani aliyetuuliza, "Mwalimu, Waitalia huziitaje siku zao?"

Tulimwandikia ubaoni: lunedì, martedì, mercoledì, giovedì, venerdì, sabato, domenica. Lunedì ni siku ya mwezi. Nne zifuatazo ni za miungu ya Warumi wa kale: Marte, Mercurio, Giove na Venere. Sabato ni ile ya Wayahudi, na domenica ni siku ya Bwana. Ajabu, watu waliobatizwa tangu zamani sana wangali wakiitaja miungu ile, wala hakuna aiabuduye! Wareno walifuata hesabu ya Kanisa. Jumatatu kwao ni segunda-feira, yaani ya pili.

Sisi Waswahili nasi twahesabu, lakini mwanzo wetu ni mwingine. Ijumaa, siku ya kusanyiko la Waislamu, ikiisha kupita, ndipo ije Jumamosi, ndiyo ya kwanza, kisha Jumapili, hata Jumatano. Baadaye yaja Alhamisi, jina la Kiarabu lenye maana ya tano vilevile, kwani Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Basi tuna tano mbili zifuatanazo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na Kanisa halikuyafuta majina haya. Liliongeza Dominika, neno la Kilatini, ndugu yake domenica. Sokoni Kariakoo Mwislamu na Mkristo husema Jumapili pasipo ugomvi.

Hesabu hiyo ilipata kutuliza. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliugua sana, akaomba Mpako Mtakatifu. Tulipeleka habari kwa padre mgeni, Mwitalia, kwamba aje Jumatano. Yeye, aliyekuwa akianza kujifunza Kiswahili, alilijua neno "tano", akahesabu tangu lunedì kwa desturi ya kwao, akafika venerdì. Alipobisha hodi, mzee tulikuwa tumekwisha kumzika jana yake. Padre alilia, lakini kosa lilikuwa letu, maana hatukumwandikia tarehe. Mjane alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa, naye akasali pamoja na wafiwa hata jua likachwa.

Tangu hapo twaandika siku na tarehe yake pamoja. Habari hii tulimsimulia yule kijana. Akachukua daftari, akayapanga majina ya Kiitalia na ya Kiswahili safu mbili, akaanza na domenica.