Uzamivu wa Watu Wanaobisha Hodi

Kiangazi cha mwaka 1909, binti mmoja wa kitajiri wa New York alivaa nguo za kibarua akaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo. Shida ya hela hakuwa nayo. Baba yake, aliyefariki binti akiwa bado hajatimiza mwaka, alikuwa ametajirika Wall Street. Binti huyo aliitwa Carola Woerishoffer, na ilikuwa miaka miwili tu tangu amalize chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania. Alitaka kujua wanawake wanaofua na kupiga pasi mashuka ya watu wanaishije ndani ya ule mvuke. Basi naye akafua na kupiga pasi, akihama kiwanda hadi kiwanda, bila kumwambia mtu yeye ni nani.

Baridi ya mwaka huo huo washonaji wa blauzi wa New York waligoma, wakawa wanakamatwa kwa makundi. Carola akaenda mahakamani kuweka mali yake dhamana ili watolewe. Baadaye akaajiriwa na jimbo kukagua kambi za vibarua wahamiaji, kazi ya kuzunguka vijijini na gari huku ukihesabu vitanda, vyoo na ndoo za maji. Mwaka 1911 akiwa kwenye ziara hiyo, gari alilokuwa akiendesha liliacha njia. Alikuwa na miaka 26. Wosia wake ulipofunguliwa, chuo chake kilikuwa kimeachiwa dola 750,000.

Kwa fedha hizo Bryn Mawr walifungua mwaka 1915 idara yenye jina lake, chini ya Susan Kingsbury, na ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza Marekani kutoa shahada ya uzamivu katika uwanja huu tunaouita ustawi wa jamii. Mhitimu wa kwanza alipatikana mwaka 1920.

Naanzia hapo makusudi. Kwetu, mtu akisema anasomea udaktari wa ustawi wa jamii, wanaomsikiliza hutabasamu kidogo. Daktari wa nini sasa? Kugawa unga na kusuluhisha ndoa nako kunataka PhD? Swali hilo lina dharau, lakini si jipya, na waliolijibu mara ya kwanza hawakuwa watu wa kukaa maktaba tu. Shahada yenyewe ililipiwa na mtu aliyetoka mikono ikiwa na malengelenge ya pasi.

Mwaka huo huo wa 1915, mwezi Mei, swali hilo liliulizwa hadharani. Mkutano wa kitaifa wa watu wa misaada na magereza ulifanyika Baltimore, na mgeni msemaji alikuwa Abraham Flexner. Huyu jina lake lilikuwa linatisha. Miaka mitano nyuma alikuwa ametoa ripoti kuhusu vyuo vya tiba vya Marekani na Kanada, ripoti iliyochangia vyuo vingi kufungwa, vikiwemo vingi kati ya vile vichache vilivyofundisha madaktari Weusi. Sasa watu wa ustawi wa jamii walimwita awapime na wao. Walitegemea sifa. Flexner akawaambia kwa adabu kabisa kwamba kazi yao ni njema ila si taaluma kamili. Mtu wa ustawi wa jamii, kwa maoni yake, ni mpatanishi: anamuunganisha mwenye shida na daktari, na mwanasheria, na mwalimu, lakini ujuzi wake mwenyewe, unaoweza kuandikwa na kufundishwa, hauonekani.

Maneno hayo yaliwauma kwa miaka mingi. Ukisoma historia za fani hii zilizoandikwa na wenyewe, Flexner hatajwi bila kidonda kuguswa. Ninachokipenda mimi ni kitu kidogo ambacho mara nyingi hurukwa: Flexner, mpimaji wa madaktari na wa taaluma za watu, hakuwa daktari wa tiba, wala hakuwa na shahada ya udaktari ya aina yoyote aliyoisomea.

Wala hakuwa nayo yule aliyemjibu vizuri kuliko wote. Mary Richmond hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Mwaka 1889 aliajiriwa na shirika la misaada la hapo hapo Baltimore, msaidizi wa mtunza fedha, na kazi ya kutembelea familia akajifunza kwa kuifanya. Tangu 1897 alikuwa akidai kwamba wanaotembelea maskini wafundishwe rasmi, si kutegemea moyo mwema tu, na mwaka uliofuata New York wakaanza mafunzo ya kiangazi ambayo hatimaye yamekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1917 akatoa kitabu chake kikubwa, Social Diagnosis.

Kwa wapenzi wa vitabu, hiki ni kitabu cha ajabu. Kinene, kavu mahali pengi, lakini ndani yake mna swali ambalo mwandishi yeyote wa riwaya angelitambua: utajuaje kweli kuhusu maisha ya mtu mwingine? Richmond alipitia majalada ya kesi kama mwanahistoria anavyopitia barua za kale. Anauliza ushahidi wa jirani una uzito gani mbele ya ushahidi wa shangazi. Mwajiri anajua nini ambacho mke hajui? Ni lini ukimya wa mtoto ni habari, na ni lini ni usingizi tu? Kuna msamaria anayeingia nyumba ya watu akiwa na jibu tayari mfukoni. Richmond anamfundisha kutoa lile jibu na kuliweka chini. Mwaka 1921 chuo cha Smith kilimpa shahada ya uzamili ya heshima. Ya uzamili, naomba uone. Mtu aliyeipa fani kitabu chake cha kwanza cha uzito!

Chicago mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapa ndipo hadithi inaponoga. Sophonisba Breckinridge alizaliwa Kentucky mwaka 1866, wa ukoo wa wanasiasa na wanasheria. Alifaulu mtihani wa uwakili, wa kwanza mwanamke jimboni kwake, lakini wateja hawakuja. Akaenda Chuo Kikuu cha Chicago, akapata uzamivu wa sayansi ya siasa mwaka 1901 kwa alama za juu, kisha shahada ya sheria mwaka 1904. Baadaye alieleza kilichotokea, tena bila kulalamika sana: wanaume aliosoma nao waliondoka mmoja mmoja kwenda kufundisha vyuoni, yeye hakuitwa na chuo chochote. Alichopewa mwishowe ni kufundisha katika idara ya mambo ya nyumbani. Uzamivu, sheria, halafu jikoni.

Hakuwa peke yake. Florence Kelley, alipomaliza Cornell mwaka 1882, alikataliwa masomo ya juu na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa sababu ni mwanamke. Akaenda Zürich, huko akatafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Engels kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, kisha akarudi kuishi Hull House, ile nyumba ya Jane Addams katikati ya mitaa ya wahamiaji Chicago, na mwaka 1893 akawa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo la Illinois. Chuo hicho hicho cha Pennsylvania, mwaka 1896, kilimwajiri W.E.B. Du Bois, ambaye tayari alikuwa na uzamivu wa Harvard, achunguze mtaa wa Weusi wa Philadelphia. Alipewa cheo cha chini, hakupewa darasa la kufundisha. Alipanga chumba mtaani humo na mkewe, akapita nyumba kwa nyumba na madodoso yake, na mwaka 1899 kikatoka The Philadelphia Negro. Utafiti wa aina ile, wa kubisha hodi na kuandika unachokiona, ulifanywa kwanza na watu waliofungiwa milango ya juu.

Breckinridge alipata mwenzake katika Edith Abbott, aliyepata uzamivu wa uchumi Chicago mwaka 1905. Wawili hao walikuwa wakifundisha katika shule ndogo ya mafunzo ya ustawi wa jamii jijini humo, iliyoasisiwa na mchungaji Graham Taylor na daima ikihangaika na ada na wafadhili. Mwaka 1920, Taylor akiwa likizoni, Breckinridge alifanya mazungumzo na chuo kikuu, na shule ikahamia ndani ya chuo kikuu kama kitivo cha masomo ya juu. Unaweza kuyaita mapinduzi. Mwaka 1924 Abbott akawa mkuu wa kitivo, na mwaka 1927 wakaanzisha jarida lao, Social Service Review. Walisisitiza sheria, takwimu, historia ya sera za maskini. Richmond alitaka mwanafunzi ajifunze kuielewa familia moja mpaka mwisho. Hawa walitaka ajue kwa nini familia elfu moja zina shida ile ile. Ugomvi huo haujaisha, na kwa maoni yangu usiishe, maana kila upande ukishinda peke yake, kazi huharibika.

Jina la shahada nalo lilivutwa huku na huku. Vyuo vingi vilitoa kwanza udaktari wa kitaalamu, wa watendaji, baadaye vikahamia PhD ili vionekane sawa na wenzao wa sosholojia na saikolojia, na mwaka 2007 Pennsylvania ikaurudisha ule wa watendaji. Anayetaka kujua kama taaluma inajiamini, atazame inavyobadilisha majina ya vyeti vyake.

Afrika, habari hii ilipita mlango wa misheni. Ray Phillips, mmisionari Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi Johannesburg, aliandika tasnifu yake ya uzamivu, chuo cha Yale, kuhusu maisha ya Waafrika mjini. Mwaka 1941 ilifunguliwa Johannesburg shule ya Jan Hofmeyr, ya kwanza nchini humo kufundisha Waafrika kazi ya ustawi wa jamii, naye akaiongoza. Ilitoa diploma tu. Lakini tazama waliopita humo: Joshua Nkomo, aliyekwenda kuwa afisa ustawi wa jamii wa shirika la reli Bulawayo kabla hajawa kiongozi wa ukombozi wa Zimbabwe. Eduardo Mondlane. Winnie Madikizela. Ellen Kuzwayo. Serikali ya ubaguzi haikuipenda, na karibu na mwaka 1960 shule ikawa imekufa.

Winnie alihitimu mwaka 1955. Alikuwa na nafasi ya kwenda Marekani kuendelea na sosholojia, njia ambayo ingeweza kumfikisha kwenye uzamivu. Hapo hapo ikaja ajira ya hospitali ya Baragwanath. Akaichukua ajira, akawa Mwafrika wa kwanza kushika kazi ya ustawi wa jamii hospitalini hapo. Akiwa kazini alihesabu vifo vya watoto wachanga wa Alexandra, na mwenyewe alisema takwimu hizo ndizo zilizomwingiza kwenye siasa. Tasnifu kamili, ila haina jalada.

Mondlane alichagua njia nyingine. Kutoka Jan Hofmeyr alikwenda Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na mwaka 1949 serikali ikamfukuza nchini. Akapitia Lisbon, akafika Marekani, na mwaka 1960 akapata uzamivu wa sosholojia Chuo Kikuu cha Northwestern, kwa tasnifu iliyohusu rangi na migongano ya nafasi za mtu katika jamii. Akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha Syracuse. Mtu wa kutulia, pengine angeishia hapo na ofisi yenye dirisha. Yeye akaja Dar es Salaam, ambako Frelimo ilizaliwa mwezi Juni 1962, akaiongoza. Tarehe 3 Februari 1969 alifungua kifurushi cha kitabu kilichotumwa kwa jina lake. Ndani mlikuwa na bomu.

Miaka minne baada ya hapo, katika jiji hilo hilo, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 taasisi ambayo leo tunaijua kama Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama. Maafisa wengi wanaoshika majalada ya watoto na ndoa katika halmashauri zetu wamepita hapo. Baadhi yao sasa wanatafuta uzamivu, usiku, baada ya kazi, na wanaulizwa lile swali la Baltimore kwa Kiswahili. Neno lenyewe limetokana na kuzama, nao, mchana kutwa, wamezama tayari.

Nimemwacha Ellen Kuzwayo mwisho. Aliingia Jan Hofmeyr akiwa anakaribia miaka 40, mwalimu na mama, ameshatoka kwenye ndoa iliyomuumiza. Alifanya kazi na wanawake na vijana wa Soweto, akafungwa miezi kadhaa bila kushtakiwa, na mwaka 1985, akiwa na zaidi ya miaka 70, akatoa Call Me Woman. Kinaitwa tawasifu, lakini kimejaa wanawake wengine, majina yao, kazi zao, watoto wao, kana kwamba mwandishi alishindwa kufunga jalada. Kilimpatia tuzo ya CNA, ambayo mwandishi Mweusi hakuwahi kuipata kabla yake. Mwaka 1987 akapewa udaktari wa heshima. Aliyempa ni Witwatersrand, chuo alichokuwa akisoma Mondlane siku alipofukuzwa.