Ujumbe Una Mtumaji: Simu, Vijana na Usukani

Jioni ya Septemba 21, 2009, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akiendesha gari katika jimbo la New Jersey, Marekani, alivuka mstari wa katikati ya barabara na kuwagonga mume na mke waliokuwa wakija na pikipiki yao. Wote wawili walinusurika, lakini kila mmoja alipoteza mguu wa kushoto. Kumbukumbu za simu zilionyesha kwamba kijana huyo alituma ujumbe sekunde 17 kabla ya kuomba msaada wa dharura. Siku hiyo yeye na rafiki yake wa kike, msichana wa miaka 17, walikuwa wametumiana ujumbe mara 62.

Wanandoa hao walimdai fidia dereva. Kisha wakafanya jambo lililowashangaza wanasheria wengi: walimdai na msichana pia, ambaye hakuwamo garini wala karibu na barabara ile. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilimwondolea lawama, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba alijua mwenzake yuko njiani na angeusoma ujumbe papo hapo. Hata hivyo, majaji waliweka msimamo mpya: anayetuma ujumbe akijua, au akiwa na sababu mahsusi ya kujua, kwamba mpokeaji anaendesha na atausoma hapo hapo, ana wajibu kwa watu wengine walio barabarani.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Afrika Mashariki. Lakini hoja yake inastahili kupimwa kwa makini huku kwetu, kwa sababu mjadala kuhusu vijana na simu barabarani umemwelemea dereva peke yake. Uingereza, kwa mfano, imeongeza ukali: tangu Machi 2017 kosa la kushika simu ukiendesha lina pointi 6, na dereva ambaye hajatimiza miaka miwili tangu apate leseni huipoteza akifikisha pointi hizo. Adhabu hiyo ni ya haki. Inachoacha bila kuguswa ni upande wa pili wa simu.

Kwamba vijana wako hatarini zaidi, hilo lina ushahidi. Watafiti wa Virginia Tech walifunga kamera katika magari ya vijana waliotoka kupata leseni, na matokeo yakachapishwa Januari 2014 katika jarida la kitabibu la New England. Kijana aliyekuwa akibonyeza namba za simu alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 8 wa kupata ajali au kuinusurikia chupuchupu. Aliyenyoosha mkono kuifuata simu, mara 7. Aliyekuwa akiandika au kusoma ujumbe, karibu mara 4. Kwa madereva wazoefu, kubonyeza namba tu ndiko kulikoongeza hatari waziwazi. Tofauti hiyo inaeleweka. Mzoefu hubadili gia na kutazama kioo cha pembeni bila kufikiri, ilhali mgeni wa usukani bado anayafikiria yote hayo. Akiondoa macho barabarani, hana akiba ya uzoefu ya kumwokoa. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari hukata mita 125 katika sekunde 5.

Sasa, ni nani anayempigia kijana huyu? Mwaka huo huo wa 2014 mtafiti Noelle LaVoie aliwaeleza wanasaikolojia wa Marekani kwamba vijana wengi waliozungumza na simu wakiendesha walikuwa wakizungumza na wazazi wao. Walisema wazazi hutaka wapatikane wakati wowote, na hukasirika wasipopokea.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji utafiti kulielewa hilo. "Umefika wapi?" ni swali la upendo, na huulizwa pale pale kijana akiwa njiani. Simu ya mama haiachwi ikaita, maana kuiacha ni utovu wa adabu, na ikikatika, itapigwa tena. Heshima yenyewe ndiyo inayomvuta mkono. Mzazi anayejua mwanawe yuko kwenye usukani na bado akapiga, anashiriki katika hatari hiyo, hata kama hakuna sheria ya kumgusa.

Bodaboda wanaonyesha hali hiyo kwa ukali zaidi. Kijana hupachika simu kati ya helmeti na shavu, akaendelea kuzungumza huku akikunja kona na abiria nyuma. Anayempigia mara nyingi ni mteja anayemharakisha. Kuna na wale wanaopata kazi kwa programu za simu: simu imefungwa kwenye usukani, oda inaingia pikipiki ikiwa katika mwendo, na asipoikubali upesi inakwenda kwa mwingine.

Hapo ndipo kipimo cha New Jersey kinapopata mahali pake. Msichana wa miaka 17 aliponea kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba alijua. Kampuni ya programu haiwezi kujitetea hivyo: mtambo wake unafuatilia alipo dereva dakika kwa dakika, na unaweza kukokotoa mwendo wake. Inaweza kuizuia oda hadi pikipiki isimame, na mamlaka zinazozipa leseni kampuni hizi zinaweza kulifanya hilo liwe sharti la leseni.