Jeni au Kinasaba?

Neno vinasaba liliingia katika Kiswahili cha kila siku kwa mlango wa mahakama zaidi kuliko wa hospitali. Ukitaja kipimo cha vinasaba, wengi humfikiria baba anayemkana mtoto, maiti walioungua kiasi cha kutotambulika, au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tanzania ina hata sheria ya vinasaba vya binadamu, ya mwaka 2009. Kwa kazi hiyo neno limekaa mahali pake. Limezaliwa na nasaba, na swali linaloulizwa ni la nasaba: huyu ni wa nani? Tatizo linaanza pale neno hilohilo linapopelekwa kliniki kueleza selimundu, ualbino au himofilia. Huko swali ni jingine kabisa, na hoja yangu ni kwamba kinasaba humsogeza msikilizaji mbali na jibu. Kwa magonjwa neno linalofaa ni jeni.

Nasaba ni mstari mmoja. Pwani hufuatwa upande wa baba: fulani bin fulani bin fulani, hadi kumbukumbu ziishe. Wamakonde na Wayao kwa desturi wamefuata upande wa mama, lakini nako ni mstari mmoja. Jeni haiendi hivyo. Ni kipande cha maelekezo ambacho mwili hukisoma ili utengeneze protini fulani, na kila binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000, zimepangwa kwenye jozi 23 za kromosomu. Neno zito hapo ni jozi, kwa sababu karibu kila jeni unayo mara mbili, nakala moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mtoto wa selimundu amepokea nakala mbili zilizobadilika za jeni inayoelekeza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini. Badiliko lenyewe ni dogo ajabu: herufi moja ya maelekezo, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, inayofanya asidi amino moja ikae mahali pa nyingine. Hilo tu linatosha kuifanya chembe nyekundu ya damu, inapopungukiwa oksijeni, ijikunje kama mundu na kuziba mishipa midogo. Wazazi wake kwa kawaida ni wazima, kila mmoja akiwa na nakala moja iliyobadilika na moja isiyobadilika. Sasa waambie wazazi hao kwamba mtoto ana ugonjwa wa vinasaba. Mjadala utakaofuata ni wa ukoo gani ulioleta balaa, na mara nyingi mama ndiye atakayebebeshwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake wengi waliojifungua watoto wenye ualbino, ambao nao kwa kawaida hudai nakala mbili, moja kila upande.

Neno kurithi linaongeza utata. Katika mirathi huwezi kurithi kitu ambacho marehemu hakuwa nacho. Kwa hiyo mtu akisikia ugonjwa wa kurithi, humtafuta mgonjwa kati ya wazee, na asipompata anahitimisha kwamba daktari amekosea au kuna mkono wa mtu. Hapa kinachorithiwa ni nakala ya jeni, na ugonjwa unakuja nakala mbili zinapokutana. Kwa wazazi wawili wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja iliyobadilika, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa kuleta mbebaji, na asilimia 25 wa kuleta mtoto asiye na nakala hiyo kabisa. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kumpata mmoja mgonjwa hakuwakingi watatu wanaofuata.

Wapo watakaosema kwamba jeni ni neno la kigeni lisiloeleza chochote, ilhali kinasaba lina mizizi yetu. (Wengine watalalamika kwamba limeachana na jini kwa irabu moja tu, na kwa ugonjwa uliowahi kusingiziwa majini hilo si jambo dogo.) Lakini utupu huo ndio faida yake. Mdenmaki Wilhelm Johannsen alipoliunda neno hilo mwaka 1909, alitaka kwa makusudi neno lisilobeba nadharia yoyote, kwani hakuna aliyejua jeni imeundwa kwa kitu gani. Umbo la DNA, ambayo ndiyo kitu hicho, lilielezwa mwaka 1953, na neno lilikuwa bado liko tayari kupokea maana. Kiswahili kimeshafanya hivyo kwa virusi na bakteria, na hakuna anayedai tuvifasiri. Kinasaba, kinyume chake, kimefika kikiwa kimeshajaa.

Pingamizi zito zaidi ni himofilia, ugonjwa wa damu kushindwa kuganda. Huo kweli hupitia kwa mama, na huonekana kufuata mstari. Tuuangalie vizuri. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, hivyo nakala moja iliyobadilika inatosha kumwuguza. Baba mgonjwa hawapi wana wake wa kiume nakala hiyo hata mmoja, kwa kuwa wao hupokea kwake kromosomu Y. Huwapa binti zake wote, na mjukuu wa kiume kupitia binti anaweza kuugua. Hakuna ukoo, wa baba wala wa mama, unaohesabu watu kwa njia hiyo.

Neno kinasaba hutuletea pia maneno kasoro na ubovu, kana kwamba damu ya ukoo imechafuka. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo mwaka 1949 na kukuta wenye nakala ya selimundu wakiwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Nakala ileile, ikiwa moja, ni kinga. Zikiwa mbili, ni maradhi. Huwezi kuisema sentensi hiyo kwa nasaba, kwa sababu nasaba haihesabiki kwa nakala.

Tiba mpya zinalidai neno hili zaidi. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri seli zinazozalisha damu za mgonjwa mwenyewe. Haigusi hata jeni ya selimundu. Hukata mahali fulani kwenye jeni nyingine ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kichanga, ambayo haizikunji chembe. Wala haifiki kwenye mayai au mbegu za uzazi. Mtu aliyetibiwa akapona maumivu bado atampa kila mtoto wake nakala moja ya selimundu, na mwenzi wake bado anahitaji kupimwa kabla ya kuzaa. Gazeti likiandika kwamba mgonjwa huyo amebadilishiwa vinasaba, wasomaji wataelewa kwamba ukoo wake umesafishwa.