Duka, Daftari na Utulivu wa Moyo: Hekima ya Kihindu katika Jiji la Dar es Salaam

Kiswahili kilipokea maneno mengi kutoka kwa wafanyabiashara wa Gujarati na Kachi waliovuka Bahari ya Hindi kwa pepo za msimu. Pesa, rupia, laki, hundi, bima, gari na bepari ni baadhi yake, na yote ni maneno ya hesabu, mali na uchukuzi. Lakini maneno ambayo Wahindu miongoni mwao waliyatumia kuzungumzia nafsi zao hayakupata makazi katika lugha hii: dharma, yaani wajibu unaomshikilia mtu pamoja na ulimwengu wake, ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, na shanti, yaani amani ya ndani. Tofauti hiyo si jambo dogo. Inadhihirisha kwamba kwa muda mrefu jirani Mhindu alijulikana kupitia kaunta ya duka lake, na yale yaliyomwongoza nyuma ya kaunta hiyo yakabaki mageni.

Mji uliogawanywa

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, na ikawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, ambazo Waingereza waliziendeleza, zilitaja aina ya majengo yaliyoruhusiwa kila mahali. Lakini matokeo yake yalikuwa kuwatenga watu. Uzunguni kulikuwa upande wa bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ikawa ya Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja.

Yafaa ieleweke kwamba si kila Mhindi ni Mhindu. Uhindini waliishi Waismailia, Waithnaashari, Mabohora, Masingasinga na Wagoa Wakristo. Mhindu ndiye aliyeitwa Baniani, jina lililotokana na neno la Kigujarati la tabaka la wachuuzi, na Mtaa wa Kisutu ndio uliojulikana kwa mahekalu yake. Methali ikamfuata: baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo inakiri manufaa ya jirani huku ikikataa kumpenda. Ni fasihi ya watu wanaohitajiana bila kutembeleana.

Mafundisho ya kila siku

Falsafa ya Kihindu inataja malengo manne ya maisha ya binadamu: dharma, artha, yaani mali na riziki, kama, yaani raha na mapenzi, na moksha, yaani kuwa huru na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Katika mpangilio huo, kutafuta mali ni lengo halali, ilimradi dharma itangulie. Ndiyo maana wakati wa Diwali mfanyabiashara wa Kigujarati huviweka vitabu vipya vya hesabu mbele ya sanamu za Lakshmi na Ganesh na kuviombea baraka. Daftari huanza mwaka likiwa kitu cha ibada.

Mfano ulio wazi zaidi ni Shikshapatri, mwongozo wenye beti 212 ulioandikwa Gujarati mwaka 1826 na Sahajanand Swami, mwanzilishi wa madhehebu ya Swaminarayan. Humo, pamoja na makatazo ya kuua, kuiba na kulewa, mna maagizo ya kutotumia kupita kipato, kuandika mapato na matumizi kila siku, na kutofanya mapatano ya mali hata na mwana au rafiki bila maandishi na mashahidi. Mswahili ana neno lake kuhusu jambo hilo: mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna haja ya kudai kwamba methali hiyo ilitoka India. Inatosha kuona kwamba pande mbili za Mnazi Mmoja zilijua jambo moja, na kwamba kwa upande mmoja jambo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya utulivu wa moyo, kwa sababu asiye na deni la siri hulala usingizi.

Fundisho la ndani zaidi limo katika Bhagavad Gita. Humo Krishna anamwambia Arjuna, aliyevunjika moyo katika uwanja wa vita, kwamba haki ya mtu ni katika kutenda wajibu wake na si katika matunda ya kitendo. Aliyetulia hapandi kwa faida wala hashuki kwa hasara. Tenda wema nenda zako, husema Mswahili, naye hafiki mbali na hapo.

Mtihani wa 1971

Fundisho la kutoshikamana na matunda ni jepesi kwa asiyenyang'anywa tunda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutaja ubepari pamoja na ukabaila kuwa mambo yasiyopatana na ujamaa. Hivyo neno bepari, ambalo asili yake ni mfanyabiashara tu, likageuka kuwa jina la mnyonyaji. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya watu wenye asili ya Asia. Wengi walihama. Mahekalu ya Kisutu yalibaki, pamoja na wale waliochagua kukaa.

Hata hivyo, haki inadai upande wa pili nao uhojiwe. Dini isiyotafuta waumini wapya ilipojumlishwa na mipaka ya tabaka, mlango wa jirani ulifungwa. Ahimsa iliyomlinda ng'ombe na kuku haikumhakikishia heshima kila wakati mtumishi wa nyumbani. Mlanguzi aliyeificha sukari hakuweza kujitetea kwa Gita, kwani dharma ilikuwa imemhukumu kabla ya serikali.

Hitimisho

Yapo mambo yaliyovuka bila jina. Kachori na bajia, vyakula visivyo na nyama, huliwa Kariakoo na watu wasiowahi kusikia neno ahimsa. Mwaka 1995 Serikali ya India ilimtunuku Mwalimu Nyerere Tuzo ya Amani ya Gandhi, naye akawa mtu wa kwanza kuipokea. Ndivyo kiongozi wa Azimio la Arusha alivyoheshimiwa kwa jina la mwana wa Baniani wa Gujarati. Mwanafunzi wa Kiswahili anayechunguza maneno ya mkopo hana budi kuyachunguza pia yale ambayo hayakukopwa. Kamusi huonyesha kile ambacho majirani waliuziana. Ukimya wake huonyesha kile ambacho hawakuulizana.