Nguo za Mwale na Kitambaa cha Jikoni

Ye yote wa Kanyaruchinya anayefikiri kufuma vitambaa vya kupangusia vyombo, apate cha kununulia chumvi na sabuni, afadhali ajue kwanza habari za wafumaji wa kale wa Kongo. Wao walikwisha kujibu maswali mawili ya kazi hii: kitambaa kiwe na ukubwa gani, na uzi upite vipi.

Huku kwetu juu, penye baridi na mawe ya Nyiragongo, watu wa kale walivaa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa. Wafumaji walikuwa upande wa magharibi, katika nchi za joto zenye mwale, ule mti wa jamii ya mnazi wenye makuti marefu mno. Walitwaa makuti machanga, wakachuna utando wake mwembamba, wakaukausha na kuuchana ukawa nyuzi. Uzi wa namna hii hausokotwi. Basi urefu wa nguo haukupita urefu wa ujani wenyewe, na kila kipande kilitoka kidogo. Aliyetaka nguo ya kuvaa alishona vipande kadhaa pamoja. Na mfumo wake ni mwepesi kuliko yote: mshindio, yaani uzi wa kukingama, hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya uzi wa pili, ukirudi, hubadilisha.

David Livingstone aliviona vitambaa vya namna hii alipokuwa Manyema, tangu 1869 hata 1871. Vilikuwa mali. Kwa Walele wa Kasai, hata katika miaka ya 1950, mahari na faini zililipwa kwavyo. Na waliofuma walikuwa wanaume! Siku hizi kijana akiuona mtambo atasema ni kazi ya dada zake.

Huko Unyamwezi na Ufipa watu walifuma pamba. Mitambo yao ilinyamazishwa na merikani, nguo ya viwanda vya Marekani, ambayo baada ya mkataba wa 1833 na Sultani Said iliingia Unguja kwa wingi, ikabebwa na misafara hata Ujiji. Mfumaji hakushindwa kwa ustadi; alishindwa kwa bei. Hatari hiyo ingalipo, maana taulo za kiwanda zimejaa sokoni Goma. Na watu walioona moto wa Mei 2021, kisha makambi ya wakimbizi yaliyojaa tangu 2022 hata mwanzo wa 2025, hawana fedha ya kuchezea.

Kwa hiyo tuazime ukubwa na mfumo, lakini uzi wa mwale tuuache: ni mgumu, haunywi maji kama pamba. Tuseme kitambaa kiwe sentimita 50 kwa 70. Pamba hunywea ikifuliwa, kama sehemu moja katika kumi. Tena kuna pindo. Basi mtamboni kiwe 56 kwa 82. Vitambaa 10, pamoja na masalio ya mwisho yasiyofumika, vyahitaji mtande wa mita 9. Kwa nyuzi 8 kila sentimita, mtande una nyuzi 448. Ukijumlisha mshindio, ni karibu mita 7,700 za uzi.

Kuzisokota kwa mkono ni kazi ya siku nyingi mno. Uzi ununuliwe, na bei yake iulizwe kabla seremala hajakata ubao wa kwanza wa mtambo.